Boriti ya Choo cha Uani

Mama yangu alichechemea kwa miaka 31, na katika miaka yote hiyo sikumsikia hata siku moja akimlaumu mwenye nyumba. Aliwalaumu mchwa.

Ilikuwa masika ya mwaka 1967, nami nina miaka kumi. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa Februari, na barabara za Kariakoo zilikuwa bado zimejaa maneno yake. Asubuhi moja mama alichukua kopo lake la maji akatoka uani kwenda chooni. Tukasikia mlio kama wa mtu anayevunja kuni kwa goti, kisha kelele. Boriti mbili za sakafu ya choo zilikuwa zimeoza kwa ndani, na mguu wake wa kushoto ulizama hadi pajani. Mfupa wa muundi ulivunjika mahali pawili.

Aliyekuwa wa kwanza kufika ni mwenye nyumba. Alitoka chumbani kwake na shuka kiunoni, sabuni bado masikioni, akamshika mama kwapani upande mmoja, baba akamshika upande wa pili, wakamtoa. Yeye ndiye aliyemwita mganga wa mifupa kutoka mtaa wa pili, na yeye ndiye aliyemlipa. Mkewe alitupikia siku kumi na mbili. Chumba chetu tulikilipia shilingi 20 kwa mwezi, na kwa miezi miwili hakupiga hodi yake ya tarehe mosi. Mwezi wa tatu aliipiga, baba akalipa, na mambo yakaishia hapo.

Hesabu yote ya fidia ya mama basi ilikuwa hii: shilingi 40 za kodi, ujira wa mganga, magango manne ya fito, na sufuria kadhaa za uji. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi, kwa sababu baadaye nilikuja kufanya kazi mahali ambapo watu walilipana kwa karatasi, nikataka kujua kama mama alipunjwa.

Ili kujua hilo inabidi kwanza kuijua nyumba. Ilikuwa ya vyumba sita, kama nyumba nyingi za Kariakoo na Ilala wakati ule: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, mlango wa nyuma, halafu uani penye jiko, bafu na choo. Kuta zilisimamishwa kwa miti na fito, zikakandikwa udongo, zikapigwa chokaa. Paa lilianza na makuti, likawa la madebe yaliyokunjuliwa, likaishia bati. Waingereza waliugawa mji kwa kanda, na kanda ya tatu, ya Waafrika, ndiyo iliyoachiwa kujenga kwa vifaa hivyo. Boriti za mikoko zilitoka Rufiji kwa majahazi, na urefu wake ndio ulioamua upana wa chumba. Chooni zililazwa juu ya shimo, zikafunikwa udongo ulioshindiliwa, pakaachwa tundu.

Kila aliyeishi nyumba ya namna hiyo anaijua sauti ya choo kinachozeeka. Ukikanyaga, kinaitika. Mama alikuwa amekwisha kumwambia mwenye nyumba mara tatu: "Baba, choo kinaitika." Naye alijibu kila mara kwamba amesikia, anangoja apate boriti. Hakuwa anadanganya. Alikuwa na nyumba hiyo moja tu, na ndani ya nyumba hiyo alikuwa na chumba kimoja tu, cha mbele kulia, vingine vyote vilipangishwa. Choo kile kile kilichomwitikia mama kilimwitikia na yeye, usiku, akiwa na kibatari mkononi. Siku ile alikuwa ametoka huko muda mfupi kabla ya mama. Ilikuwa zamu tu.

Magazeti ya mwaka ule yaliandika kwamba mwenye nyumba ya kupangisha ni mnyonyaji. Azimio lilimkataza kiongozi wa chama au serikali kuwa na nyumba ya kupangisha, na katuni zilimchora mwenye nyumba kuwa mtu mwenye tumbo na sigara nene. Nilizitazama katuni zile nikamtazama mzee wetu akishona kiraka cha kanzu yake barazani, nikashindwa kuwaunganisha. Jirani mmoja alimwambia baba kwamba zamani zimekwisha, sasa mnyonge ana haki, aende kushitaki. Baba alimjibu: "Nitamshitaki vipi mtu tunayefuturu naye sinia moja?" Mjumbe wa nyumba kumi alipokuja kuulizia, aliambiwa yamekwisha.

Mwaka 1986 niliajiriwa karani katika moja ya mabaraza ya nyumba yaliyofanya kazi chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984. Nilipiga chapa, nilifungua majalada, niliita majina mlangoni. Mwenyekiti wetu alikuwa mwanasheria mwenye subira, na siku moja, kesi zilipoahirishwa kwa mvua, nilimsimulia habari ya mama. Alinisikiliza hadi mwisho, akavuta kitabu kinene cha sheria ya madhara kutoka rafu ya nyuma, akaniambia nisome kurasa alizozitia alama. Nilikwenda nacho nyumbani nikisoma kwa kamusi.

Humo nilimkuta mwanamke wa Kiingereza aliyeanguka kama mama.

Kesi yake inaitwa Cavalier dhidi ya Pope, na Mabwana wa Baraza la Juu la London waliiamua mwaka 1906. Mume alipanga nyumba mbovu. Wakala wa mwenye nyumba aliahidi kuitengeneza sakafu ya jikoni, hakuitengeneza. Siku moja sakafu ikampokea mke, akaumia. Mume alipata fidia yake, kwa kuwa ahadi ilikuwa baina yake na mwenye nyumba. Mke, ambaye mwili wake ndio ulioumia, hakupata kitu. Hakuwemo kwenye mkataba, kwa hiyo mbele ya sheria mwenye nyumba hakumwahidi lolote wala hakuwa na wajibu naye. Nyuma ya hukumu hiyo kulikuwa na msemo mzee zaidi wa jaji mmoja, wa mwaka 1863, kwamba ilimradi hakuna udanganyifu, hakuna sheria inayomkataza mtu kupangisha nyumba inayotaka kuanguka. Mpangaji ana macho. Aangalie kabla ya kuingia.

Nilikaa na kitabu kile magotini muda mrefu. Kitabu chetu cha kodi kilikuwa na jina la baba. Mama, aliyekuwa akipika uani, akifua uani, akioga uani na kuogesha watoto watano uani, hakuwemo ndani ya maandishi yoyote ya nyumba ile. Aliyelala chumbani usiku tu ndiye aliyekuwa mpangaji.

Nikamuuliza mwenyekiti: hukumu ya London ilikuwa inatuhusu nini sisi? Akanieleza habari ya tarehe. Mwaka 1920, Tanganyika ilipowekwa chini ya Mwingereza, amri ya mfalme ilisema kwamba mahakama za hapa zitafuata sheria ya mahakimu wa Uingereza na sheria zake za jumla kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri hali ya nchi itakavyoruhusu. Sakafu ya mwaka 1906 ilikuwa ya kabla ya tarehe hiyo, ikavuka bahari pamoja na mizigo mingine. Wenyewe walikuja kuibomoa kwao baadaye: mwaka 1957 wakatunga sheria ya wajibu wa mwenye mahali kwa wanaoingia, mwaka 1972 wakatunga nyingine iliyomgusa mwenye nyumba anayejua, au alipaswa kujua, kwamba pabovu. Lakini sheria iliyotungwa London baada ya 1920 haikujipakia melini yenyewe. Wakenya waliiandika ya kwao, sura ya 34, kwa kufuata ile ya 1957. Mwenyekiti alipenda kusema kwamba sisi tulirithi koti, halafu mwenye koti akashona jipya.

Hata hivyo alinionyesha tundu kwenye koti. Mwaka 1893, katika kesi ya Miller dhidi ya Hancock, mtu aliyekwenda kwa shughuli katika jengo la vyumba vya kupanga aliteleza kwenye ngazi iliyolika, na mwenye jengo akaamriwa kulipa. Majaji walisema ngazi inayotumiwa na wapangaji wote hakuikodisha kwa yeyote. Imebaki mikononi mwake, naye ndiye wa kuitunza. Baadaye majaji wengine waliibana hukumu ile, lakini wazo la kwamba mahali pa wote ni pa mwenye jengo lilidumu. "Sasa niambie," mwenyekiti alisema, "choo cha uani kilikuwa cha nani?" Kilikuwa cha wote. Wakili mzuri angalipata pa kushika. Angalimtoza mzee mwenye kiraka pesa ambazo hakuwa nazo, na nyumba ingaliuzwa, na sisi tungalihama pamoja naye.

Nilipomsimulia mjomba wangu, aliyekuwa akisomesha vitabu msikitini, alicheka. Alisema Waingereza wamechelewa. Mafakihi walikwisha bishana habari ya ukuta unaoinama kwa karne nyingi. Katika Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu kilichosomwa sana na Washafii wa pwani yetu, aliyejenga ukuta ukiwa umeinamia njiani anadhamini yeyote utakayemwangukia. Aliyeujenga umesimama sawasawa, kisha ukainama wenyewe, hana dhamana, ingawa wapo waliosema anayo kama aliweza kuutengeneza akaacha. Wahanafi walikwenda njia nyingine. Kwao swali kubwa ni kama aliambiwa. Mtu akimwendea mwenye ukuta mbele ya mashahidi akamwambia ubomoe, umeinama, na muda wa kutosha ukapita, basi utakachokiua ni juu yake. Waturuki waliliandika jambo hilo katika Majalla yao, kifungu cha 928, karne ya 19.

"Mama yako alimwambia?" mjomba aliuliza.

"Mara tatu."

"Mbele ya nani?"

Mbele ya kuku. Tangu siku ile methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta imekuwa ikinisumbua, maana haisemi inamwambia nani. Wanaouona ufa ni wapangaji. Mwenye ukuta ni mwingine.

Wakati huo sura ya mwenye nyumba ilikuwa imebadilika. Aprili 1971 serikali ilitangaza kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Nyumba za udongo za Kariakoo hazikuguswa. Yaliyotwaliwa zaidi ni maghorofa ya katikati ya mji, mengi yakiwa ya Wahindi, na mwenye nyumba mpya akawa Msajili wa Majumba. Kwa wapangaji kodi ilikuwa ahueni. Lakini Msajili hakuwa na chumba cha mbele kulia. Taa ya ngazi ikiungua, hakuna aliyeipanda ngazi ile gizani akaenda kumwamsha mwenye nyumba. Barua iliandikwa, ikapigwa muhuri, ikangoja fungu la matengenezo. Watu walijifunza kutokishika kishikio kibovu cha ngazi ya ghorofa ya tatu, wakawafundisha na watoto wao, na mgeni alionywa mlangoni. Mwaka 1990 Msajili aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, na ngazi zikahamia kwenye majalada mengine. Aliyetaka kupata nafasi katika maghorofa hayo alitoa kilemba, pesa ya pembeni ya kupewa chumba, na aliyekwisha toa kilemba hakuwa na hamu ya kujulikana kwa malalamiko.

Kwenye baraza letu nilipitisha mikononi majalada mengi kiasi kwamba vidole vyangu vilikuwa vikinuka karatasi za kaboni hata Jumapili. Kodi imepandishwa. Mpangaji hatoki. Mwenye nyumba ameng'oa mlango, mwingine ameezua bati ili mvua imfukuze mpangaji kwa niaba yake. Matengenezo yalitajwa kila siku, lakini kama ngao: silipi kwa sababu panavuja. Watu walioumia hawakuja.

Namkumbuka mmoja aliyekuja. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni, mkono wa mtoto umefungwa bendeji. Waya wa umeme ulikuwa ukining'inia ukumbini, umevuliwa nguo, na mtoto aliushika. Mwenyekiti alimweleza kwa upole kwamba dai la jeraha si la pale. Aende mahakama ya madai, afungue shauri, asichelewe, maana madai ya madhara yana miaka mitatu tu. Alimwandikia kikaratasi. Mwanamke aliuliza wakili anachukua kiasi gani. Nikamwona akikikunja kikaratasi mara nne na kukifunga kwenye pembe ya kanga, mahali pa nauli. Nilimwangalia mpaka alipovuka barabara.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliandika ahadi ambazo mwenye nyumba huhesabiwa kuwa ametoa hata kama hakuzitamka: akipangisha sehemu tu ya jengo, paa, kuta za nje, mifereji mikuu na njia za wote ni juu yake. Niliisoma nikafurahi, kwani humo uani kwetu palikuwa pametajwa. Kisha mwaka 2005 sheria ya kudhibiti kodi ikafutwa, na mabaraza ya namna yetu hayakuwepo tena. Nikakabidhi funguo za kabati la majalada. Ahadi zimo kitabuni, ila mlango niliouzoea mimi ulifungwa. Mkataba wa kupanga chumba siku hizi unanunuliwa duka la vifaa vya ofisi, umekwisha chapwa, una nafasi ya jina, ya kodi ya miezi sita na ya sahihi ya shahidi. Niliousoma mimi ulikuwa na kifungu cha mpangaji kuitunza nyumba. Cha nyumba kumtunza mpangaji sikukiona. Anayeujaza ni dalali, na dalali akishapokea kodi yake ya mwezi mmoja, hamtaonana.

Sheria huamka nyumba inapoua wengi. Aprili 2016 ghorofa la Huruma, Nairobi, liliporomoka na wapangaji wake baada ya mvua kubwa, wakafa watu wapatao 50. Lilikuwa limekwisha wekwa katika orodha ya kubomolewa, na bado kodi ilikuwa ikikusanywa. Novemba 16, 2024 jengo la maduka liliporomoka hapa hapa Kariakoo, si mbali na penye choo chetu cha zamani, likaua zaidi ya watu 25. Kote kuwili, Huruma na Kariakoo, wenye majengo walifikishwa mahakamani kwa makosa ya jinai. Ila muundi mmoja uliovunjika mahali pawili hauiti waandishi wa habari.

Ndiyo maana nimeacha kuuliza kama mama alipunjwa. Alipata alichoweza kutoa mtu aliyekuwa na hatari ile ile chini ya nyayo zake. Pole ya mzee yule haikuwa sheria, na mtu asiyekuwa na bahati ya mzee kama yule hakupata hata uji. Lakini ilifanya kazi kwa sababu aliishi ndani. Mwenye nyumba alipohama, pole ilihama naye, na chumba kile cha mbele kulia hakikuingiwa na sheria. Kimepangishwa.

Nayasema haya nikijijua. Kwa kiinua mgongo changu nilijenga nyumba Mbagala, vyumba vinne vya kupangisha, mimi mwenyewe nikiishi Tabata kwa binti yangu. Wapangaji wananiita mama mwenye nyumba, na kodi inaingia kwenye simu. Mwezi Machi, saa tano za usiku, uliingia ujumbe wa WhatsApp: "Mama shikamoo, samahani kwa usumbufu. Kifuniko cha shimo la maji taka kimepata ufa, na watoto wanacheza hapo." Chini yake picha. Niliitazama, nikaizima simu, nikasema kesho.

Sikupata usingizi. Zile tiki mbili zilikuwa zimekwisha geuka bluu. Mjomba ameshafariki, lakini nilijua angesema nini: umeambiwa, na shahidi yupo.

Alfajiri nilimpigia fundi. Tulinunua mifuko miwili ya saruji, nondo, na kokoto ndoo sita. Alivunja kifuniko cha zamani, na tukaona nondo zake zilivyo: kutu tupu, nyembamba kama njiti. Akasuka nyingine, akamimina zege, akazungushia shimo miba na bati bovu. Alisema lisikanyagwe siku saba, limwagiwe maji asubuhi na jioni.

Siku ya nane nilipanda daladala mbili kwenda Mbagala. Mpangaji alikuwa anafua, mtoto wake mdogo yuko kando yake. Nikamwomba amshike mtoto. Nikavua viatu, nikapanda juu ya kifuniko, nikasimama katikati na kilo zangu 83, nikakanyaga kwa kisigino mara tatu, nikasikiliza.

Hakikuitika.